Meza Ndefu Chini ya Simotwet

SEHEMU YA 1

"Baa," Mama alirudia, mikono yake ikiendelea kukamua. "Mwanangu amekaa Ulaya miaka yote hiyo, halafu anarudi Siongiroi kunifungulia baa."

"Si kama baa unazozijua, Mama."

"Na mimi najua baa gani?"

Nilinyamaza. Kiongozi wa akina mama kanisani haulizwi anajua baa gani. Giza lilikuwa halijaisha, na taa ya sola iliyoning'inia mlangoni mwa zizi ilimwangaza mgongo tu. Mama hukamua mapema kwa sababu mtambo wa maziwa haumsubiri mtu. Maziwa yakipimwa yakaonekana yameanza kuchacha, yanarudi nyumbani na mwenyewe. Mtambo huo ndio fahari ya Siongiroi, kwa kuwa wenye hisa ni wakulima wenyewe, na nyumba nyingi hapa zimesomesha watoto kwa maziwa yaliyopoeshwa pale. Wageni wakisikia Kericho na Bomet hufikiria chai peke yake. Lakini chai iko juu, kwenye baridi ya Konoin na Kericho. Sisi wa Chepalungu ni watu wa mahindi na ng'ombe. Katika nyumba yetu ni Baba pekee aliyeifuata chai. Alichuma kwenye shamba la kampuni kule Kericho, akilala kwenye nyumba za wafanyakazi, akirudi kwetu mwisho wa mwezi.

Baba alikufa nikiwa darasa la sita. Niliambiwa ni malaria iliyopanda kichwani, nami nikaamini, kwa sababu mtoto anaamini anachoambiwa na mama yake.

"Haya, nieleze," Mama alisema. "Bado ng'ombe mmoja."

Nikamweleza. Alijua kwamba nilisoma Kijerumani Goethe-Institut jijini Nairobi, nikaenda Munich kulea watoto wa familia moja, kisha nikajifunza kazi ya hoteli, nusu darasani, nusu kazini, kama Wajerumani wanavyofundisha ufundi wowote. Asichojua ni mahali nilipofanya kazi baada ya hapo. Kwenye simu nilikuwa nikisema "hotelini". Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa mhudumu katika bustani ya bia, nikibeba makombe ya kioo ya lita moja moja. Kombe moja likijaa huwa na uzito wa zaidi ya kilo mbili, na mwanamke anayeijua kazi hiyo hubeba kumi kwa safari moja bila kumwaga.

"Kumi," Mama alisema, na kwa mara ya kwanza nikasikia kitu kama heshima katika sauti yake.

"Kazi ya kubeba maji mtoni ilinifaa, Mama."

Nikamweleza bustani zile zilivyoanza, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu ulipo. Watawala wa Bavaria, jimbo lenye Munich, walipiga marufuku upikaji wa bia majira ya joto tangu mwaka 1539, kwa kuwa majiko yalileta hatari ya moto na bia yenyewe iliharibika kwa joto. Kwa hiyo bia ikawa inapikwa wakati wa baridi na kuwekwa akiba. Wapikaji wakachimba maghala chini ya ardhi, wakayajaza barafu, na juu yake wakapanda mikastania, miti yenye majani mapana na mizizi isiyozama sana. Walitaka kivuli kwa ajili ya mapipa. Wakaja watu. Wakaweka benchi chini ya miti na kunywea pale pale, bia ikiwa bado na baridi ya ghala. Wenye mikahawa mjini wakalalamika kwamba wanaporwa wateja, na tarehe 4 Januari 1812 Mfalme Maximilian I Joseph akaamua kesi hiyo: wapikaji wauze bia na mkate, basi. Anayetaka kula kingine aje nacho kutoka nyumbani.

Desturi hiyo ingali hai. Katika Hirschgarten pale Munich, bustani yenye nafasi ya watu 8,000, nimeona familia zikitandika kitambaa mezani, zikitoa figili, jibini na nyama baridi kutoka kikapuni. Bibi wa miaka 80 ameketi karibu na fundi bomba, fundi bomba karibu na hakimu. Meza ni ndefu, na ukiona nafasi unaomba kuketi na watu usiowajua. Watoto wanacheza kando, mbele ya macho ya wazazi wao.

"Hakuna anayejificha, Mama. Hilo ndilo lililonishika. Huku kwetu mtu anakunywa akiwa ameugeukia ukuta. Kule anakunywa mama yake akimwona."

Mama alisimamisha mikono.

"Na sisi tulikuwa hivyo," nikaendelea. "Kogo, nyanya yangu, alinisimulia. Maiyek ilipikwa kwa wimbi, chungu kikawekwa katikati, wazee wakakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Kijana hakuugusa mrija. Na mzee akileweshwa na bia, wenzake walikuwa hapo kumwona na kumpeleka nyumbani. Nani alituambia tuingie vichakani?"

Sikupata jibu. Nikaona niseme yote yaliyobaki. Nina akiba. Sitapika bia mwenyewe. Nitanunua mapipa yenye stempu ya ushuru kutoka kwa wakala. Nitaweka meza ndefu. Mkate nitaoka. Akina mama wa sokoni watauza chakula chao na sitawatoza kitu.

"Mahali je?"

"Kiwanja cha Baba kando ya barabara. Pale kwenye simotwet. Mti ule una kivuli cha kutosha meza sita."

Ndoo ilipinduka. Mama, ambaye hajawahi kumwaga maziwa tangu nimjue, alisimama akiyatazama yakinywewa na udongo wa zizi, wala hakuinama kuinua ndoo.

"Pale, hapana," alisema.

"Kwa nini?"

"Ukitaka shamba lote la nyuma, chukua. Pale, hapana."

Akaingia ndani. Sikumfuata, kwa sababu simu yangu ilikuwa inalia. Alikuwa chifu.

"Binti, lile tangazo lako la leseni nililobandika ubaoni limepata majibu. Njoo uone mwenyewe kabla sijayapeleka kwa kamati."

Nilikodi bodaboda. Kwenye meza ya chifu palikuwa na barua moja ya pingamizi yenye sahihi zilizojaza kurasa mbili. Ya pili juu ilikuwa ya Baba Mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, na hilo sikulishangaa, maana ni mzee wa kanisa na kiwanja kile amekitamani siku nyingi. Ya kwanza ndiyo iliyonifanya nitafute kiti. Mwandiko ule niliujua. Ndio ulioandika jina langu kwenye kila daftari la shule ya msingi. Barua ilikuwa na tarehe ya wiki iliyopita, kabla sijamwambia Mama neno lolote.

SEHEMU YA 2

Sikumuuliza. Nilikuwa nimejifunza kwao Wajerumani kunena wazi, lakini mbele ya Mama nilibaki binti wa Kipsigis, na binti hamwambii mama yake "nimeona sahihi yako". Alikamua, akaenda kanisani, akarudi. Nilikula alichopika. Na kila asubuhi nilitoka kwenda kwenye kiwanja ambacho alikuwa amenikataza.

Nilimpa seremala picha na vipimo. Meza nyembamba, ili anayeketi upande huu amsikie wa upande ule bila kupaza sauti. Benchi isiyo na mgongo, ili mtu aweze kugeuka na kuzungumza na meza ya nyuma. Fundi alidhani nimekosea vipimo, na nilipomweleza sababu yake alikuna kichwa, akakata mbao ya mkaratusi, kisha akaketi juu ya benchi ya kwanza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuijaribu.

Mkate ulinipa kazi. Brezeli, ule mkate uliofungwa kama mikono iliyopishana kifuani, huchovywa katika maji makali ya soda kabla ya kuingia tanurini. Hayo ndiyo yanayoipa rangi ya kahawia na ngozi inayong'aa. Soda ile sikuipata. Siku moja nikiwa dukani nikaona magadi, haya haya tunayowekea maharagwe na mboga za kienyeji, yanayotoka Ziwa Magadi. Nikayayeyusha kwenye maji ya moto, nikachovya unga wangu uliokandwa, nikaoka. Mkate ulitoka kahawia, ukiwa na chumvi ya mawe juu, na harufu yake ikanirudisha Munich hata nikashika ukingo wa meza. Nilimpa mwuza matunda wa kando ya barabara. Akala kimya, akaomba wa pili kwa ajili ya mtoto wake.

Kabichi nayo nilichachusha kwa chumvi ndani ya ndoo, nikaifunika. Hapo sikuhitaji mafunzo ya mtu. Aliyekulia katika nyumba yenye sotet, akaona maziwa yakigeuka mursik baada ya kibuyu kusuguliwa kwa mkaa wa senetwet, anajua kuacha kitu kitulie hadi kiive.

Watu wakaanza kupita na kuuliza. Wengine walikaa kwenye benchi zilizo tayari wakanywa chai, na sikuwafukuza. Vijana wa bodaboda waliketi meza moja na wazee, jambo ambalo huku hulioni ila kwenye mazishi.

Kisha ikaja kamati ya leseni kukagua. Mwenyekiti alikuwa mzee mpole mwenye fimbo, aliyenyoosha mgongo kila baada ya hatua chache. Waliangalia vyoo, maji, ukuta, mlango. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya wote wanaiita Sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, inataka baa iwe umbali wa angalau meta 300 kutoka shule yoyote ya watoto, hata ya nasari. Siku za kazi inauza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Mwishoni mwa wiki na sikukuu inaanza saa nane mchana. Saa hizo hazikunisumbua. Bustani ya bia ni ya jioni. Umbali nao ulikuwa mzuri, kwani shule iliyo karibu iko ng'ambo ya bonde.

"Sioni tatizo," mwenyekiti alisema. "Kiwanja hiki nakijua. Zamani nilikuwa na lori, binti. Molasi yote waliyolishwa ng'ombe wa kijiji hiki ililetwa na lori langu kutoka viwanda vya sukari. Mama yako mzima?"

"Mzima, Mzee. Karibu chai nyumbani."

Tukaenda. Mama hajawahi kumwacha mgeni aondoke bila chai. Hata fundi wa umeme aliyekuja kutukatia alikunywa vikombe viwili. Siku hiyo birika lilikuwa jikoni, moto unawaka, na Mama hakuwepo. Nilimwita. Nikamtafuta shambani. Nilipopita zizini nilimwona kupitia ufa wa mbao: alikuwa ameketi sakafuni nyuma ya ng'ombe, mikono imeziba masikio. Nilirudi nikawaambia wageni kwamba ameenda kwa mgonjwa.

Wiki moja baadaye duka tupu la Baba Mdogo lilipakwa rangi ya samawati. Duka hilo liko mbele kidogo ya kiwanja changu. Jumatatu asubuhi nikaona watoto wadogo wenye sweta mpya wakiingia mle wameshikana mikono, na juu ya mlango neno moja: NASARI. Nilipima kwa hatua zangu. Hata meta mia hazikufika.

Nilimkuta Baba Mdogo akipigilia ubao.

"Baba Mdogo, umenifanyia nini?"

Hakugeuka. "Binti ya ndugu yangu, watoto wanahitaji kusoma."

"Watoto hawa walikuwa wanasoma kanisani! Kama unataka kiwanja, sema unataka kiwanja."

Hapo aligeuka, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda. "Kiwanja hicho sikichukui hata nikipewa bure," alisema. "Nenda ukamwulize mama yako. Mimi nimechoka kuyabeba."

Usiku huo nilisahau ubinti wangu. Nilimkuta Mama akichambua maharagwe kwenye ungo, nikakaa mbele yake na kumwambia nimeiona sahihi, nimemwona zizini, nimeiona nasari, na sitatoka pale hadi anieleze.

Aliendelea kuchambua kwa muda. Kisha akausogeza ungo.

"Baba yako hakufa kwa malaria."

Nikangoja.

"Ulifikiri karo yako ililipwa na nini? Mtambo wa maziwa haukuwepo. Ng'ombe alikuwa mmoja. Baba yako alileta alicholeta. Nilikuwa napika chang'aa usiku, kule bondeni, nikauza chini ya simotwet gizani, kwa sababu ilikuwa kosa la kufungwa tangu ile sheria ya mwaka 1980. Walikuwa wanakuja mmoja mmoja. Sikuwasha taa. Sikuona ninayemmiminia."

"Mama..."

"Desemba moja walirudi wengi kutoka Kericho na mishahara. Yangu iliisha. Nikaletewa jerikeni iliyojaa, nikaambiwa ni ile ile. Sikuionja, nikamimina. Baba yako alifika usiku ule ule. Hakujua mwuzaji wa pale ni nani, alidhani ni mwanamke mwingine. Alinyoosha mkono gizani na mimi nikauona ule mkono, wenye kidole kile kilichokatwa na panga la chai."

Mama alinyoosha mkono wake mbele yangu, kana kwamba kikombe kingali ndani.

"Nikampa."

SEHEMU YA 3

Asubuhi iliyofuata Baba aliamka akamwambia mkewe afungue dirisha, maana kumekucha na chumba kina giza. Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limempiga usoni.

Hayo Mama alinisimulia kukipambazuka, tukiwa bado tumekaa pale pale. Nilipokuwa Munich niliwahi kusoma jinsi methanoli inavyoua. Haina ladha ya kukuonya. Mwili wenyewe ndio unaoigeuza kuwa sumu, saa nyingi baada ya kunywa, na mahali pa kwanza kushikwa ni mshipa wa jicho. Daktari akiwahi anaweza kuizuia. Lakini awahi vipi, ikiwa aliyekunywa anaogopa kusema alipokunywa, na aliyemuuzia anaogopa kusema alichouza? Wanaume wengine wawili walipoteza macho usiku ule. Hakuna aliyetaja simotwet. Kijiji kizima kilikubali malaria.

Baba Mdogo alijua. Ndiye aliyeizika jerikeni. Sahihi, nasari, yote yale yalikuwa ukuta aliomjengea shemeji yake, ili mtu yeyote asije kukusanya watu chini ya mti ule na siku moja, katika mazungumzo ya jioni, mmoja akumbuke.

Nilitaka kuacha. Niliwaza kuziuza meza, nirudi Ulaya. Tangu ule mkataba wa wafanyakazi utiwe sahihi pale Berlin mbele ya Rais Ruto na Kansela wa wakati huo, Scholz, Septemba 2024, kila kijana wa Bomet ananiuliza njia ya kwenda, na mimi nimerudi kuja kufukua kaburi la baba yangu. Nilimwambia Mama nitaliondoa ombi langu.

"Kikao ni lini?" aliuliza.

"Alhamisi."

"Usiliondoe."

Hakusema zaidi. Alhamisi alivaa sare yake ya akina mama wa kanisa, kitambaa kimepigwa pasi, tukapanda matatu pamoja hatusemezani.

Ukumbi ulijaa. Mchungaji alikuwepo na waumini wake, chifu, wenye baa nyingine waliokuja kuona kama watapata mshindani, na vijana wangu wa bodaboda nyuma. Mwenyekiti alitusalimu wote "Chamgei", tukaitikia. Alisoma pingamizi kwa sauti tulivu. Umbali wa nasari ulikuwa pingamizi la kwanza. La pili lilikuwa hofu ya wananchi, na hofu hiyo hakuna mwenye haki ya kuidharau: Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa kwa pombe yenye sumu kule Kirinyaga, na mwezi uliofuata serikali ikatangaza masharti makali nchi nzima.

Nilipopewa nafasi miguu ilitetemeka, lakini nilijua ninachokiamini.

"Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu," nilianza. "Mwaka 1516 watawala wa Bavaria waliweka sheria kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Tangu hapo mnywaji akawa na haki ya kujua kilicho ndani ya kombe. Shayiri tunayo, inalimwa hapa jirani Narok. Maji tunayo. Kitu tusichonacho ni mwanga. Mwaka 2004 serikali ilipunguza ushuru, bia ya kegi ikashuka bei, na maskini akapata cha kunywa kilichopimwa. Mwaka 2013 ushuru ukarudishwa, bei ikapanda, watu wakarudi gizani. Mei 2014 tukazika makumi, Embu, Kiambu na kwingineko. Na kabla ya hapo, mwaka 2000, Mukuru kwa Njenga, zaidi ya mia. Hao hawakuuawa kwenye meza ndefu mchana kweupe. Mnaweza kuninyima leseni leo. Usiku watu watakunywa. Ninachoomba ni wanywe mahali ambapo mchungaji akipita barabarani atawaona, na mke akimtaka mumewe atamkuta."

Vijana wa nyuma walipiga makofi, chifu akawanyamazisha.

Baba Mdogo alisimama. Alizungumza kwa ufupi, bila kunitazama, kwamba sheria ni sheria na nasari ipo. Mchungaji aliongeza maombi kwa vijana. Wajumbe walianza kunong'onezana, na niliona jinsi mambo yanavyoelekea. Mwenyekiti akashika kalamu.

"Kabla hatujaamua," alisema, "aliyetia sahihi ya kwanza yupo? Sheria inampa nafasi ya kusikilizwa."

"Nipo," Mama alisema.

Alisimama. Nilisikia kitambaa chake kikikwaruza benchi. Hakwenda mbele, alisimama pale pale katikati ya wanawake wenzake.

"Naondoa jina langu," alisema.

Minong'ono ikazuka. Mchungaji aligeuka kumtazama. Baba Mdogo naye akainuka nusu. "Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "keti. Nakuomba. Keti."

"Nimekaa miaka mingi, shemeji."

"Mama, si lazima," nilisema kutoka upande wangu.

Hakunisikia, au alinisikia akaamua kuendelea. "Mimi nimewaongoza kwa sala," aliwaambia wanawake waliomzunguka, "na sikuwaambia nilikuwa nani. Nilikuwa napika chang'aa. Nikaiuza chini ya ule simotwet, gizani. Mume wangu alikufa kwa kikombe changu. Wana wa nyumba mbili hapa ndani wana baba vipofu, na walioniamini kwamba ni ugonjwa, nawaomba msamaha mbele ya Mungu na mbele ya chifu. Kama kuna kufungwa, nitafungwa."

Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu naye alilia kwa sauti, akasogea mbali. Mwingine alimshika mkono. Kule nyuma kijana mmoja wa bodaboda, ambaye baba yake huongozwa kwa fimbo na mjukuu kwenda dukani, alisimama taratibu juu ya benchi ili amwone vizuri.

"Mama," mwenyekiti alisema, "hili si jambo la kikao hiki. Ajenda ya leo ni leseni tu. Naahirisha..."

"Sijamaliza, Mzee."

Sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo. Chifu, aliyekuwa ameanza kuinuka, alirudi kwenye kiti.

"Ile yangu niliipika mwenyewe kwa mahindi na molasi, na ilikuwa haijaua mtu. Iliyoua sikuipika. Nililetewa. Sikuweza kutoka bondeni kwenda kununua. Mwanamke mwenye watoto ataenda wapi usiku? Aliyekuwa ananiletea molasi ndiye aliyeniletea na jerikeni. Aliniambia, mimina tu, mama, ni ile ile. Na baada ya mazishi alikuja nyumbani kwangu, akala chakula cha matanga, akaniambia nikifungua mdomo mtoto wangu hatamaliza shule."

Nilihisi ubaridi ukinipanda mgongoni. Molasi. Niligeuza kichwa kutazama mbele.

"Mtu huyo yupo ndani ya chumba hiki," Mama alisema.

Ukumbi mzima ukamgeukia Baba Mdogo. Ilikuwa rahisi kuamini. Alikuwa amesimama, jasho linamtoka, na yule kijana wa bodaboda alikuwa tayari ameruka kutoka kwenye benchi anamwendea. Mama akainua mkono, akanyoosha kidole. Kilianza kwenye safu za nyuma, kikafika kwa Baba Mdogo, na kijana yule akakunja ngumi.

Kidole hakikusimama. Kilimpita, kikaendelea kuelekea meza ya mbele, na mlango wa pembeni, ule wa kutokea wajumbe, ukasikika ukifunguliwa.

Itaendelea Jumamosi ijayo.